Salamu ya Mfalme wa Mirihi

Kama umewahi kupita Lushoto ukawasikia wazee wa rika langu wakichekeshana habari ya fundi cherehani aliyemwagiwa debe la maziwa mbele ya umati, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, Rashidi Kupaza, na maziwa yenyewe yalikuwa ya mgando. Kwa miaka mingi nikisikia inasimuliwa nilikuwa naondoka taratibu, najifanya nimekumbuka kitu nilichoacha nyumbani, lakini sasa nimezeeka na aibu nayo imezeeka, tena wanaoisimulia wanaikosea (wengine wanasema nililia kwa sababu ya maziwa, si kweli, nililia baadaye na kwa sababu nyingine kabisa), kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe ijulikane ilivyokuwa.

Ilikuwa zama zile za vijiji vya ujamaa, kila mtu ni ndugu, Ndugu Katibu, Ndugu Karani, Ndugu Fundi, na mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka moja karibu na soko, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watumishi wa ofisi za wilaya. Juu ya meza ya kukatia vitambaa niliweka redio. Haikuwa redio kubwa, lakini ile baraza ilikuwa na bahati ya kushika mawimbi, jambo ambalo mtu wa bondeni hawezi kulithamini, maana huku kwetu milima imetuzunguka kila upande na redio nyingi zilikuwa zinakoroma tu. Betri zikichoka nazianika juani, na jua likikosekana (na Lushoto jua linaweza kukosekana wiki nzima bila kuomba radhi) nazipasha kando ya pasi ya mkaa, basi tunasikiliza.

Ndipo kikaja kile kipindi. Kiliitwa Kijiji cha Mirihi, kila Alhamisi jioni, mchezo wa redio wa watu wetu waliopanda chombo wakaenda sayari ya Mirihi kuanzisha kijiji huko, na usicheke, kwa sababu sisi hatukucheka. Kulikuwa na Kapteni Majaliwa, mtu wa amri nyingi, na kulikuwa na Tatu, muuguzi, ambaye ndiye peke yake mwenye akili mle ndani, na kulikuwa na Mfalme wa Mirihi mwenyewe, ambaye sauti yake ilitoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa (nadhani ilikuwa kweli ndani ya pipa). Mwisho wa kila kipindi mtangazaji anasema, "Mtunzi ni G. Semkiwa," na sisi tunaitikia kama watu walioko msikitini au kanisani, kila mtu kwa dini yake.

Nikisema sisi nina maana ya watu watatu hasa, wengine walikuwa wanakuja na kuondoka. Wa kwanza ni Yohana, karani wa posta, Mlutheri wa kwaya, mtu wa kupenda utaratibu, ambaye kila wiki aliuliza kama Mirihi hakuna hewa huyo Mfalme anaongea kwa kutumia nini. Wa pili ni Mama Hadija, muuza plamu na mapea, ambaye hakujali hewa, yeye alitaka kujua kama ile ardhi nyekundu inafaa viazi, na akashikilia kwamba inafaa, ila mbolea ya samadi wataitoa wapi. Wa tatu ni Baba Nuru, muuza maziwa, Mmbugu wa huko juu upande wa Rangwi, aliyekuwa anateremka na debe lake kichwani na siku za Alhamisi anachelewa makusudi ili akae na sisi. Huyu alikuwa anacheka mahali pasipochekesha. Kila Mfalme wa Mirihi akifungua kinywa, Baba Nuru anajiinamia, mabega yanatikisika, nasi tunatazamana, tunasema moyoni maskini Kiswahili cha redio kinampita.

Sasa huyo Mfalme alikuwa na salamu yake. Alipokutana na watu wetu mara ya kwanza alitamka maneno matatu ya lugha ya Mirihi, mazito, ya kuvuta, na tangu hapo kila akitokea anayatamka tena. Maana yake mtunzi hakuitoa, ila Kapteni Majaliwa alisema, "Nadhani anatutakia amani," nasi tukashika hapo hapo. Maneno yenyewe sitayaandika, mtaona mbele kwa nini. Tukayafanya salamu yetu. Nikimwona Yohana anafungua dirisha la posta, naweka mikono nyuma, nainama, natamka, naye anainama anajibu vilevile. Mama Hadija aliyatamka kwa wateja wake wazuri. Na Baba Nuru nilikuwa namwamkia kwa salamu hiyo kila asubuhi akija na maziwa, naye anatua debe chini, anacheka mpaka anakohoa, anasema, "Nimesikia, Fundi, nimesikia." Mimi nikaona huyu mzee ni mtu wa furaha.

Halafu kikaja kipindi kile cha mwisho, ambacho hatukujua ni cha mwisho. Tatu alitoka nje ya chombo kwenda kutazama mbegu za maharage, ikavuma dhoruba ya vumbi jekundu, Kapteni Majaliwa akaamuru mlango ufungwe. Tatu akarudi, akagonga. Mle ndani wanabishana wafungue wasifungue. Anagonga. Zikasikika hatua za Mfalme wa Mirihi zinakuja nyuma yake, Mfalme akatamka ile salamu, Tatu akanyamaza, ngoma ikalia, mtangazaji akatuaga mpaka Alhamisi ijayo.

Alhamisi ijayo tukakaa baraza nzima, hata watu waliokuwa hawasikilizi walikuja, betri nimezipasha tangu mchana, saa ikafika, akasikika bwana mmoja mwenye sauti ya upole anasema leo tutajifunza kufuga kuku kwa njia bora. Tukadhani amekosea siku. Wiki iliyofuata akaendelea na banda la kuku, iliyofuata akaingia kwenye ugonjwa wa mdondo na dawa zake, na hapo ndipo Mama Hadija aliponyanyuka, akabeba kapu lake, akasema, "Wamemwacha mtoto wa watu nje."

Basi mazungumzo ya baraza yangu kwa mwaka mzima na zaidi yalikuwa hayo tu, kwa nini kipindi kimekatishwa na nani atamfungulia Tatu. Yohana alisema kanda za kurekodia zimekwisha kwa uhaba wa fedha za kigeni. Mwalimu mmoja aliyekuwa anashonesha kwangu alisema mataifa makubwa yanayorusha vyombo yaliona tunawakaribia yakaingiwa na wivu. Mama Hadija alisema mtunzi ameoa mke asiyependa mambo ya angani. Mimi nilikuwa na maoni yangu kuhusu Kapteni Majaliwa na mkubwa fulani aliyefanana naye, ila niliyasema kwa sauti ya chini, wakati wa kuvuta uzi. Tulipomuuliza Baba Nuru, akasema, "Labda mtunzi ana mama yake." Tukaona huyu hakulielewa swali, tukahamia kwa mwingine.

Sasa siku moja utingo wa basi la Mombo akaja kushonesha mfuko wa koti, akasema kwa kupita tu, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba yule Semkiwa wa redio ni mtu wa huku huku, jina lake Gabrieli, amezaliwa juu karibu na Rangwi, na wiki ile alikuwa amempandisha mwenyewe kutoka Mombo kwenda kumsalimia mama yake. Jumamosi atateremka na huyo mama kupitia Lushoto, anampeleka Dar es Salaam akatazamwe macho. Na ndani ya basi alisikika akimwambia jirani yake kwamba huko studio wanamwomba akirudishe kile kipindi, naye hajaamua.

Hilo neno, hajaamua, lilitumaliza. Yohana alifunga dirisha la posta kabla ya saa (jambo ambalo hakuwahi kulifanya wala hakulifanya tena) akaja barazani akasema, "Huyu mtu yuko katikati. Akituona ni watu wa maana, tunaokipenda kipindi chake, atakirudisha. Akituona wapuuzi, Tatu atabaki nje." Hakuna aliyebisha. Tukaunda kamati ya mapokezi, mwenyekiti nikawa mimi, kwa sababu redio ni yangu.

Uenyekiti ulinipanda kichwani, nakiri. Nilikwenda kwa Ndugu Katibu wa kata nikaomba ukumbi, akatupa, akasema tu tusisahau kwamba mama wa mgeni ni mtu mzima na ukumbi ule una baridi. Nikasema hilo tumeliona, nitaweka jiko la mkaa karibu na kiti chake. Nikaenda shuleni nikaomba kwaya, nikaifundisha ile salamu ya Mirihi: mimi nitaitamka kwanza, wao wataipokea mara tatu, mikono nyuma, kuinama, sauti moja. Watoto wa shule za milimani wana sauti nzuri, na hawa walishika siku ya kwanza. Kisha nikajishonea joho la Mfalme wa Mirihi, jekundu, la vipande vya bitana vilivyobaki, refu mpaka chini, na mikono mipana. Kuna mtu aliniambia baadaye kwamba hakuna aliyeniomba nivae joho. Ni kweli.

Yohana peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi. "Mgosi," aliniambia (ndivyo Wasambaa tunavyoitana wanaume) usiku wa kuamkia siku yenyewe, "yule mama ni mzee. Mzee haamkiwi kwa lugha ya redio. Wewe nenda kwake, mpe shikamoo yake, akuitikie, ndipo umgeukie Gabrieli kwa hayo ya Mirihi." Nikasema ndivyo nitakavyofanya. Baba Nuru alikuwepo pia, anakusanya chupa zake, akauliza, "Gabrieli mtamwambia vile mnavyoniambia mimi?" Nikamwambia ndiyo, mbele ya watu wote. "Na mama yake atakuwa hapo anasikia?" Nikasema atakuwa hapo anasikia. Akatikisa kichwa kwa muda, kisha akaomba awekewe nafasi mstari wa mbele.

Jumamosi ikaamka na ukungu mzito wa kipupwe, mtu unamsikia kabla ya kumwona. Ukumbi ukajaa. Wambugu kadhaa walikuwa wameteremka kutoka juu kumsindikiza mwenzao, wakasimama nyuma, wamejitanda mablanketi, na Baba Nuru akakaa mbele kabisa na debe lake miguuni, maana asubuhi hiyo hakwenda kuuza. Gabrieli Semkiwa akaingia. Tulikuwa tumemfikiria mtu mkubwa mwenye sauti, kumbe ni mwembamba, ana miwani na sweta lililotoka nyuzi kiwikoni (jicho langu liliangukia pale pale), anasalimia kwa haya. Nyuma yake mama yake, Bibi Monika, mfupi, mkongojo mkononi, khanga mbili na blanketi. Tukamwonyesha kiti. Hakukaa. Alikuwa amesafiri kwenye ukungu tangu alfajiri, akaliona jiko, akalisogelea, akaligeuzia mgongo kama afanyavyo mtu yeyote wa huku akiingia kwenye nyumba yenye moto, akasimama hapo anaota moto.

Nikatoka mbele na joho langu. Naapa nilikuwa na shikamoo mdomoni. Lakini nilipokuwa natembea, nikaona watu wote wananitazama, nikaona Gabrieli ananitazama, na wazo dogo likanijia, dogo kabisa, kwamba huyu ni mama wa mtunzi, nikimwamkia yeye kwa lugha aliyoibuni mwanawe nitakuwa nimewaheshimu wote wawili kwa mpigo, na shikamoo kila mtu anaijua. Hilo ndilo wazo lililoniponza. Nikasimama mbele ya Bibi Monika, nikaweka mikono nyuma, nikainama mpaka joho likagusa sakafu, nikatamka salamu ya Mfalme wa Mirihi kwa sauti ya pipa.

Bibi Monika akaruka. Mzee yule, na mkongojo wake, aliruka pembeni kama msichana, akajishika nyuma, akageuza shingo kutazama khanga yake. Mimi nikaona ameguswa. Na kabla sijainuka, kwaya ikapokea, kwa sauti moja safi, mara ya kwanza, Bibi Monika akasogea hatua nyingine, mara ya pili, akasogea tena, mara ya tatu, akawa amefika ukutani. Kule nyuma Wambugu wakaanza kikohozi. Nikamtazama Gabrieli, amefunika uso kwa viganja vyote viwili, nikasema moyoni, machozi ya furaha.

Basi mwenyekiti nikageukia umati kuanza hotuba. Niligeuka nikiwa pale pale alipokuwa amesimama Bibi Monika, mgongo kwenye jiko, joho la bitana likining'inia juu ya makaa. Nikasema, "Ndugu wananchi," na ndipo nikamsikia Bibi Monika, kutoka ukutani, akinitamkia mimi ile salamu.

Sijui nitaelezaje nilivyojisikia. Nilidhani ameelewa. Nilidhani mama wa mtunzi ananijibu kwa Kimirihi mbele ya Lushoto nzima, nikaacha hotuba, nikamgeukia nikainama tena, nikamrudishia. Akayasema tena, kwa nguvu zaidi, ananyoosha mkongojo kunielekea. Nikainama chini zaidi. Wambugu nao kule nyuma wakayasema, wote pamoja, wananiashiria kwa mikono, na kwaya (watoto wazuri, wametii nilivyowafundisha) wakapokea mara tatu, na mimi naendelea kuinama huku na huku, nainamia kila upande, nasikia joto zuri mgongoni nikadhani ndiyo heshima yenyewe.

Ndipo Baba Nuru akanyanyuka, akabeba debe lake, akanizunguka, akanimwagia lote kiunoni kwenda chini.

"Fundi," akasema, moshi unapanda katikati yetu, "bibi anakuambia toa matako motoni."

Nikamtazama. "Anasema kwa lugha gani?"

"Kimbugu. Chetu cha ndani, cha nyumbani. Ndivyo tunavyowaambia watoto asubuhi wakilizunguka jiko." Akatua debe. "Ndiyo uliyokuwa unaniambia mwaka mzima."

Joho lilikuwa na tundu la ukubwa wa sinia, na suruali nayo, na chini ya suruali nilikuwa na kaptula niliyojishonea kwa gunia la unga wa msaada, ambalo maandishi yake ya kwamba unga huu hauuzwi yalikuwa bado yanasomeka vizuri. Watu wakayasoma. Sitaki kusema walicheka kiasi gani. Ndugu Katibu alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Mimi nikavuta kitambaa cha meza ya mgeni rasmi nikajifunga, nikabaki nimesimama natonesha maziwa, na kilichokuwa kinaniuma si tundu, ni kwamba nilimkumbuka Yohana alivyosema, na nikaona ule mlango wa chombo umefungwa kabisa na mimi ndiye niliyeukomea.

Kwa maana Gabrieli alikuwa ameondoa viganja usoni, na haikuwa furaha. Alikuwa anamtazama mama yake kama mtoto aliyevunja kibuyu. Bibi Monika akarudi kutoka ukutani, polepole.

"Gabrieli," akasema kwa Kiswahili, ili na sisi tusikie. "Watu hawa wameyatoa wapi maneno haya?"

"Kwangu, mama."

"Na wewe umeyatoa wapi?"

"Kwako."

Akaeleza, macho chini, mbele yetu wote, na mimi nilitamani asieleze. Alisema alihitaji lugha ya Mirihi ambayo Dar es Salaam hakuna anayeijua, akajaribu kubuni, haikutoka, kila akifumba macho kinachomjia ni asubuhi za baridi nyumbani, wao watoto wamelizunguka jiko na mama anawafukuza kwa maneno yale. Akampa Mfalme ayaseme. Hakuwa na hofu, kijijini kwa mama yake hakukuwa na redio. Halafu kaka yake, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai upande wa Amani, akamnunulia mama redio. Wiki hiyo hiyo Gabrieli aliwaambia watu wa studio kwamba hadithi imemwishia.

"Niliona utadhani nimekufanya kichekesho cha nchi nzima," akasema. "Lugha yenyewe ya ndani, hatuitoi kwa watu. Nikaona bora nikae kimya."

Kwa hiyo hayakuwa mataifa makubwa, wala kanda, wala mke. Nilimtazama Baba Nuru, naye alikuwa anatazama debe lake tupu. Alikuwa amepata kutuambia habari ya mama.

Bibi Monika alikifuata kiti chake, akakaa, akaweka mkongojo kwenye magoti.

"Nilikisikia," akasema. "Mara moja tu. Siku ile ile kaka yako aliyoniletea redio, akaifungua, akaniambia sikiliza, mama, huyu ni Gabrieli. Nikasikia binti anagonga mlango. Halafu nikasikia ninaambiwa nitoe matako motoni, kwa maneno yangu mwenyewe, na kweli nilikuwa nimekaa motoni. Nikasogea." Ukumbi ukacheka, lakini kwa upole, naye akangoja wamalize. "Nikafurahi, mwanangu. Nikasema amekwenda mbali, amekaa na wakubwa, na bado ananisikia. Wiki ya pili nikakaa nikusikilize tena, nikasikia kuku. Ya tatu, kuku. Nikasema atarudi huyu, nisiizime. Mimi sikuwahi kufuga kuku, Gabrieli. Sasa banda limejaa, kwa kukungoja wewe."

Gabrieli akavua miwani.

"Mengine tutasema nyumbani," akasema mama yake. "Lakini yule mtoto wa watu mmemwacha nje kwenye baridi mwaka mzima, anagonga. Mimi sikukulea hivyo. Kwanza mfungulie."

Mama Hadija, aliyekuwa nyuma yangu, akasema taratibu, "Ndiyo hilo, bibi, ndiyo hilo tu." Na hapo ndipo nilipolia, kama mnataka kujua, nimejifunga kitambaa cha meza, nanuka mgando, nalia kwa sababu ya muuguzi ambaye hayupo, na kwa sababu ya yule bibi anayesikiliza habari za mdondo wa kuku wiki baada ya wiki akidhani mwanawe atatokea. Gabrieli akasema, "Nitamfungulia, mama," na ukumbi mzima ukapiga makofi, kwaya ikadhani ndiyo zamu yake, ikainama.

Kipindi kilirudi mvua za vuli zilipoanza. Tatu aliingia ndani siku ya kwanza, na aliyemfungulia si Kapteni Majaliwa, ni Mfalme wa Mirihi, aliyeusukuma mlango kwa bega na kuwafukuza wote waliokuwa wamejazana kwenye kipasha joto cha chombo, kwa maneno mnayoyajua. Baraza yangu ilipiga kelele mpaka mwenye duka akatoka. Wiki iliyofuata tukakaa tena, mimi mwenyekiti mbele kabisa, mkono kwenye kitufe cha sauti, tukasikia chombo kipya kimetua Mirihi na kutoka ndani yake ameshuka fundi cherehani, mtu wa kujishughulisha, mwenye joho, ambaye anamwamkia kila anayemkuta kwa lugha asiyoijua, hata mawe. Huyo fundi alikaa Mirihi mpaka kipindi kilipokwisha kwa heri, na alipendwa nchi nzima, na mimi ndiye niliyekuwa napasha betri ili asikike.

Niliapa siku ile ile, na nimekishika kiapo, kwamba sitamwamkia mtu kwa neno nisilolijua maana yake, na kwamba mzee ni shikamoo kwanza, mengine baadaye, hata awe mama wa nani. Bibi Monika alirudi kutoka Dar es Salaam na jicho moja zima, na tangu hapo kila kipupwe nilikuwa napanda kwake na sweta la Gabrieli nililolitia kiraka, au blauzi yake ya kwenda kanisani, nateremka na mayai. Natoa shikamoo nikiwa bado nje, kabla sijavuka mlango. Anaitika marahaba, ananikaribisha, natafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa kule juu baridi ni kali kuliko Lushoto najikuta nimekwenda moja kwa moja kwenye jiko nikaligeuzia mgongo. Ananitazama kwa lile jicho lake moja, ananiambia yale maneno matatu, taratibu, bila pipa. Nasogea.